Kidonda Kisicho na Usaha

Kibokoni, Mombasa
28 Agosti 1994

Ndugu yangu Aidarus,

Assalaam alaykum. Natumai waraka huu utakukuta mzima na umeshiba, maana Mama hana jengine analouliza ila kama huko Pune mwapata samaki. Nilipomwambia Pune iko mbali na bahari na chakula chenu ni dengu, alishika tama kama aliyepewa habari ya msiba. Miguu yake yavimba jioni, lakini ulimi ni ule ule. Fadhiya asema, mjomba mbona huleti picha, umekonda au umefuga ndevu? Na mimi nakuuliza: masomo ya maabara yaisha lini, ama umeshapata Mhindi wa kukuzuia huko?

Sasa kaa kitako. Fadhiya ameposwa. Walikuja wanawake na masinia yao, Mwanatumu mbele, huyu jirani wetu wa chini. Mposaji ni Saif, mtoto wa dadake Mwanatumu, wale wanaokaa Kizingo. Kijana mtulivu, ana kazi yake bandarini, na haangalii watu juu juu. Harusi ni Rajabu, inshallah. Nililia, kisha nikacheka, kisha nikaanza kufikiria masufuria ya biriani nitayaazima kwa nani. Marehemu babake angekuwapo, Aidarus! Angevaa kanzu yake ile akazunguka mtaa mzima bila sababu.

Lakini kuna jambo, na likitoka mdomoni mwako basi mimi si dadako. Fadhiya shingo imemvimba. Kwa mbele, hapa chini ya koo. Mikono yamtetemeka, moyo wamwenda mbio, ala sana na akonda. Nilimpeleka kwa daktari kwa siri, tumejifunika buibui hadi machoni. Akasema ni rovu, tezi ya shingoni imekuwa na kazi ya kupita kiasi. Kampa vidonge, akataka arudi kila mwezi apimwe damu.

Wajua siku ya kupamba ilivyo. Ataketi juu, nywele zimefungwa, shingo wazi, na wanawake wa mji mzima wamtazama toka ukucha hadi utosi. Wakiiona ile shingo, hawa wa Kizingo watasema tumewauzia mgonjwa. Sasa hivi ajifunga leso mpaka kidevuni katika joto hili. Wewe uliyesoma, niambie: hakuna njia ya kuifanya ipungue upesi?

Dadako,
Mwanakuu


Pune
15 Septemba 1994

Dada yangu Mwanakuu,

Shikamoo, na Mama nimshikie miguu kupitia kwako. Mwambie samaki wapo, waja na gari moshi kutoka Bombay wakiwa wameshachoka. Mhindi sijapata, na ndevu nimenyoa. Mvua haijakatika huku, nguo zangu zote zanuka ukungu.

Mpe Fadhiya mkono wa heri. Niliisoma barua yako ukumbini nikacheka peke yangu, wenzangu wakadhani nimefaulu mtihani. Ninamkumbuka akinifuata hadi Ngome na viatu vyangu miguuni. Leo aolewa! Mungu awape mapenzi na subira.

Kuhusu shingo, umefanya vyema kwenda kwa daktari. Dawa hiyo ni nzuri na yatumika kote, lakini haikimbizwi. Yachukua miezi. Apewe kama alivyoandikiwa, si zaidi, na arudi kupimwa. Kuna jambo moja dogo nikutajie tu. Kuna watu wachache, wachache sana, ambao dawa hii huwaharibia damu. Kwa hiyo akishikwa na koo kuuma, au homa, au vidonda mdomoni, aache vidonge siku hiyo hiyo na aende akapimwe. Usimtie hofu, yamkini halitatokea. Lakini ulikumbuke.

Siri yako ni yangu. Sitaitaja hata usingizini.

Mdogo wako,
Aidarus


Kibokoni
7 Oktoba 1994

Ndugu yangu Aidarus,

Salamu nyingi zisizo na idadi. Je, u hai? Redio yatwambia tauni imeingia India, watu wakimbia miji na wengine wamejifunga vitambaa puani. Mama hali vizuri. Kila magharibi asoma Yasin kwa ajili yako, na akimaliza anigeukia mimi kana kwamba ni mimi niliyekupeleka. Mtaani wote wajua ndugu yangu yuko huko. Dukani juzi wanawake walinisogelea kuniuliza hali yako, kisha wakasogea nyuma kidogo. Wallahi nilitaka kuwakoholea.

Hebu nieleze kwa lugha ya watu. Huyu mdudu wa tauni, bakteria sijui, aingia tu mwilini mwa mtu kama nyumba isiyo na mlango? Mungu hakutuwekea kitu cha kujikinga? Niandikie nimsomee Mama, pengine atatulia.

Huku twaendelea. Barua yako niliipata. Ile habari ya koo nimeielewa, usinirudilie. Kwa daktari hatukurudi. Mara ya mwisho tulimkuta pale foleni mwanamke ajuanaye na wale wa Kizingo, nikamshika Fadhiya mkono tukageuka. Vidonge nanunua Mwembe Tayari, kwenye duka ambalo hakuna anijuaye, kati ya mabasi ya bara. Wamuuzia mtu hawamuulizi. Na vyafanya kazi! Shingo imeanza kushuka, na ule mtetemeko umekoma.

Jibu upesi. Na usile panya.

Mwanakuu


Pune
22 Oktoba 1994

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, tauni haikufika chuoni kwetu. Barua zachelewa kwa sababu kila mtu aogopa kila kitu, hata bahasha. Mwambie Mama alale.

Umeniuliza swali ninalolipenda, basi nivumilie. Mlango upo, ni ngozi. Lakini bakteria wakipenya, kwenye mkwaruzo, kwenye koo, popote, kuna chembe nyeupe ndani ya damu zinazowangoja. Mimi huziona kila siku kwenye darubini. Twazitia rangi ya zambarau ndipo zionekane. Wajua paka wa Mji wa Kale samaki anapoteremshwa? Mmoja hajaona kitu, ni harufu tu, na mara wametoka kila ukuta. Ndivyo zilivyo. Penye bakteria hutoka kitu kama harufu, chembe nyeupe zinazopita kwenye mshipa zikaihisi, zikajibandika ukutani mwa mshipa, zikajibana mpaka zikatoka nje, zikajivuta kuifuata. Zikimfikia bakteria zamzunguka na kummeza mzima mzima, kisha zammwagia sumu humo tumboni mwao. Ziko nyengine zenye kazi ya kumtia alama adui na kumkumbuka, ndiyo maana mtu akichanjwa hapati ndui. Lakini za kwanza kufika ni hizi paka wetu.

Hazidumu. Hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, kwa wingi usiokadirika, na zikishaingia kwenye damu hazikai hata siku mbili. Zingine zafa kazini. Ule usaha unaouona kwenye jipu, dada, ni mizoga yao pamoja na bakteria ziliowaua. Watu huuonea kinyaa, mimi huwa nauonea huruma.

Msomee Mama hayo. Mwambie mwanawe ana paka wengi.

Fadhiya aendelea vipi? Hukuniambia kama alipimwa damu. Afadhali arudi kwa daktari mwengine, akiwa mbali na macho ya watu. Wale wauza duka hawajui habari zake.

Aidarus


Kibokoni
14 Novemba 1994

Ndugu yangu mpenzi,

Salamu kutoka nyumba iliyojaa udi mpaka dari. Mama ameisikia barua yako mara nyingi hata ameijua kwa moyo. Sasa kila apitaye paka amwita askari wa Aidarus. Amelala vizuri tangu siku hiyo, Mungu akulipe.

Biharusi tumeshamuweka ndani. Haoni jua, hatoki, asingwa liwa asubuhi na jioni, na ngozi imekuwa laini mpaka namuonea wivu. Nguo ya kupambwa imeshakatwa. Na shingo, Aidarus, shingo! Ukimwangalia hujui kama kulikuwa na kitu. Nitakwambia siri na usinigombeze: tangu mwezi uliopita nampa asubuhi na jioni mara mbili ya alivyoandikiwa. Harusi hairudishwi nyuma. Na umeona imefaa.

Ni juzi tu ameshikwa na homa kidogo na koo lamuuma. Nadhani ni moshi wa chetezo, twamfukiza sana. Mama amemfanyia kombe la aya za Kurani, akalinywa lote, na mimi nimemnunulia vile vidonge vya rangi mbili ambavyo kila mtu hunywa. Nilikumbuka maneno yako, usidhani nimesahau. Ndipo nikamchunguza vizuri kwa taa.

Tulikuwa tumemtoboa sikio upande wa juu, avae vipuli vya bibi mzaa baba. Sikio limevimba na tundu limekuwa jeusi ukingoni, na ndani ya mdomo ana vidonda vyeupe viwili vitatu. Lakini hakuna usaha, hata chembe. Nimeliminya sikio, analia lakini hakutoki kitu, kavu na safi. Basi nikashukuru Mungu. Wewe mwenyewe ulisema usaha ni mizoga ya vita. Hapana mizoga, hapana vita. Nikampaka mafuta ya nazi na manjano nikamwambia alale.

Spitali simpeleki sasa. Biharusi kuonekana barabarani siku hizi, na Mwanatumu yuko mlangoni kama saa ya ukutani, watu wataanza kuuliza. Akipoa nitakuandikia.

Tuombee.

Mwanakuu


Pune
25 Novemba 1994

Dada Mwanakuu,

Assalaam alaykum. Nisamehe kwa ufupi wa salamu.

Mwachishe vile vidonge vya shingo saa hii hii. Mpeleke hospitali kubwa leo, usingoje jioni. Daktari umwambie jina la dawa, na umwambie kwamba aliinywa maradufu, mbele ya mtu yeyote awaye. Amtie mshipani dawa kali za kuua bakteria, na ampime chembe nyeupe.

Umenielewa vibaya na kosa ni langu, sikumaliza maneno. Mtu mwenye chembe nyeupe akitobolewa sikio likaingia uchafu, lazima pawe na usaha. Usaha ni dalili kwamba zimekuja. Fadhiya hana usaha kwa sababu hazipo. Dawa imezima uboho wake, hautengenezi tena. Bakteria wapo pale sikioni na kooni, wengi mno, wala hakuna wa kuwapinga. Kidonda kile kisafi ni kibaya kuliko jipu lolote uliloliona maishani mwako.

Barua yako imefika leo mchana. Nimekwenda moja kwa moja kupiga simu pale chini kwa Mwanatumu, amesema umetoka. Sikumwambia kitu, kama ulivyotaka. Nimesema nasalimia tu. Nitapiga tena.

Nampeleka rafiki uwanja wa ndege Bombay na barua hii, aitie posta Nairobi. Akipona nitamwandikia mimi mwenyewe kumwomba radhi.

Aidarus


Kibokoni
9 Desemba 1994

Ndugu yangu Aidarus,

Assalaam alaykum. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Fadhiya amefariki Jumanne tarehe ishirini na tisa, alasiri. Tulimzika siku ile ile. Barua yako ya tarehe ishirini na tano nimepewa jana, khitma imeshasomwa, masufuria ya kuazima yamesharudi kwa wenyewe.

Mama yuko. Paka akipita amtazama tu.

Nitakueleza mambo yalivyokuwa kwa sababu hapa hakuna wa kumueleza. Ile homa ilipoa kidogo kwa vile vidonge vya rangi mbili, nikafurahi. Ijumaa ilirudi. Mwanatumu aliniambia umepiga simu kusalimia, nikasema ndugu yangu ana huruma, akumbuka watu. Jumamosi Fadhiya alitapika kila alichokunywa. Jumapili hakuweza kumeza hata mate, sikio na shavu vilikuwa vimebadilika rangi, na akawa aniita kwa jina la babake. Nikapiga ukelele. Mwanatumu alipanda juu mbio, akawapigia Kizingo, ikaja gari yao. Mwanatumu mwenyewe alimpakata njia nzima.

Spitali daktari alikuwa kijana, mpole. Aliniuliza, mama, mgonjwa anatumia dawa gani? Mwanatumu alikuwa amesimama hapa, bega kwa bega na mimi, ameshika mkoba wangu. Nikasema hakuna dawa yoyote.

Nimelisema hilo, Aidarus. Mtoto wangu yuko kitandani mbele yangu hajijui, na mimi nikasema hakuna dawa.

Jumatatu asubuhi Mwanatumu alipokwenda nyumbani kuoga, nilimfuata daktari yule ukumbini nikamwambia yote, na vidonge nikamtolea kwenye mkoba. Alifumba macho kidogo. Hakunigombeza. Alikwenda mbio, nikawaona wakibadilisha chupa zile za dawa. Alasiri ya Jumanne akaja kunikalia karibu, nikajua.

Nilimwosha mimi pamoja na wanawake wawili. Mmoja alisema, mtoto ana ngozi nzuri, maskini, hata kipele hana. Na shingo ilikuwa nyembamba. Nikuambie na hilo.

Sasa nataka kitu kimoja kwako. Kila mtu aniambia ni siku zake zilifika, hata daktari yule aliniambia, mama, haya ni ya Mungu. Najua ni ya Mungu. Lakini wewe umesoma jambo hili hasa. Niambie: kama ningempeleka siku ile niliyokuandikia barua, angepona? Usinibembeleze. Usiniletee aya, ninazo. Ukiniongopea nitajua, nimekulea mimi mgongoni. Nataka kweli.

Dadako,
Mwanakuu


Pune
28 Desemba 1994

Dada yangu mpenzi Mwanakuu,

Shikamoo. Mungu amrehemu Fadhiya, amlaze pema, akupe wewe na Mama subira. Nilipoisoma barua yako nilikaa chini pale pale penye masanduku ya posta, watu wakanipita. Huku ni baridi asubuhi. Chuo kimefungwa kwa likizo na wengi wamekwenda kwao. Nimebaki na Masha, yule Mgiriama wa Kilifi asomaye uhandisi. Amekataa kunipikia dengu wiki hii, asema mfiwa hali dengu, akatafuta samaki mji mzima. Nakuandikia haya ili nisiandike ulichoniuliza. Barua mbili nimeshazichana.

Umesema hutaki kubembelezwa.

Ndiyo. Kama angeacha vidonge siku ile na kupelekwa hospitali, angepona. Siwezi kukuapia, hakuna awezaye, lakini wengi wao hupona. Uboho ukiachwa bila ile dawa huamka wenyewe baada ya wiki moja au mbili, na kwa muda huo madaktari huwazuia bakteria kwa dawa za mshipani. Tarehe kumi na nne Fadhiya alikuwa na homa ndogo na sikio. Angepona.

Sasa nami nikuambie langu, kwa sababu si haki uubebe mzigo wote peke yako. Tarehe ishirini na tano nilikuwa na simu mkononi. Mwanatumu alinisikia sauti imebadilika. Aliniuliza, mwanangu Aidarus, kuna jambo? Nimpe ujumbe gani Mwanakuu? Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Mwambie aache dawa ya rovu, ampeleke Fadhiya hospitali, basi. Yangetosha. Nikafikiria siri yako, harusi, watu wa Kizingo, aibu utakayopata, nikasema hapana bibi, nasalimia tu. Telegramu pia ningeweza kupeleka, nikaogopa itafunguliwa pale chini. Jumamosi na Jumapili laini hazikupatikana. Ijumaa ile bado kulikuwa na nafasi, ingawa ndogo. Nilijua hivyo nilipokuwa nimeishika simu.

Na barua yangu ya kwanza, niliandika ni jambo dogo. Nilijua si dogo. Sikutaka kuwaharibia furaha.

Likizo ya Machi nitakuja, inshallah. Nitakwenda kaburini kwake na wewe.

Mdogo wako,
Aidarus


Kibokoni
17 Januari 1995

Aidarus,

Barua nimeipata. Toka udogo wako nilikwambia usiogelee Mbaraki, ukaenda. Nikakwambia usiende India, ukaenda. Nikakwambia uoe, hukuoa. Mambo yote niliyokwambia hukunifuata. Hili la kusema kweli ndilo ukanifuata.

Nilitaka uniongopee. Ulikuwa hulijui hilo?

Sikuweza kukaa na barua yako ndani. Jana nilishuka kwa Mwanatumu, nikamkuta achambua mchele. Nikamwambia kila kitu, nimesimama hapo hapo mlangoni. Rovu, daktari, Mwembe Tayari, vidonge maradufu, na kwamba siku ile spitali nilisema hakuna dawa kwa sababu yeye alikuwa kando yangu. Na simu yako nikamwambia. Nilidhani atanifukuza. Nilitaka anifukuze.

Aliweka ungo chini, akanishika mkono, akanikalisha. Alilia kwanza. Kisha akasema, "Mwanakuu, shingo tuliiona siku ile ya posa, mimi na dadangu. Saif mwenyewe alijua. Tulisema, mtoto mzuri, na nyie mwaona haya kulitaja, basi tusiwaaibishe. Akishaolewa tutampeleka spitali sisi."

Mwanakuu